Maswali ya Wasomaji: Mtaji wa Saluni, Nini cha Kukopea na Nini cha Kuacha

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma mjini, moja imetoka Kongwa, na zote zinauliza fedha ya kufungulia saluni ya kike itoke wapi. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wake. Bei tulizotumia ni zile mlizotuandikia wenyewe, au makadirio yetu pale mlipoacha pengo. Zilinganisheni na bei za mtaani kwenu kabla ya kutoa hela.

SWALI: *Shikamooni. Nimefanya kazi ya nywele miaka minne kwenye saluni ya mtu, sasa nataka kufungua yangu Nkuhungu. Nina akiba ya shilingi 1,900,000 taslimu, na kwenye kikoba chetu nina hisa za 200,000. Orodha yangu ni hii: fremu 80,000 kwa mwezi kwa miezi 6 (480,000), draya mbili za kofia (500,000), sinki na kiti chake (350,000), vioo na meza (300,000), blodraya na pasi ya nywele (150,000), makochi na televisheni (700,000), tailizi na rangi (400,000), bango (150,000), dawa na rasta za kuuza (600,000). Jumla 3,630,000. Kampuni moja ya mikopo iko tayari kunipa 2,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Saluni za jirani zinatoza 8,000 kuosha na kuseti. Nichukue?*
*Msomaji, Nkuhungu*

JIBU: Marahaba dada yetu. Usiuchukue, angalau si kwa orodha hii. Tuanze na mkopo wenyewe, ingawa tatizo kubwa liko kwenye orodha.

Asilimia 3.5 kwa mwezi ndiyo riba ya juu kabisa ambayo Benki Kuu imewaruhusu wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu wanaokopesha bila kupokea amana. Kwa hiyo kwenye kiwango hawajavunja sheria. Cha kuuliza ni riba hiyo inapigwa juu ya nini. Ikipigwa juu ya mkopo wote mwezi hadi mwezi, utalipa riba ya 70,000 kila mwezi, 840,000 kwa mwaka, na rejesho litakuwa 236,667. Ikipigwa juu ya deni lililobaki, rejesho linashuka hadi kama 207,000 na riba yote ya mwaka inakuwa kama 484,000. Tofauti hapo ni zaidi ya 350,000, bei ya sinki lako na kiti chake. Waombe jedwali la marejesho kabla ya kusaini, kisha tazama safu ya riba. Namba ikiwa ileile kuanzia mwezi wa 1 mpaka wa 12, ujue riba haipungui na deni.

Uliza pia ada ya fomu, bima ya mkopo na gharama za uchakataji zinalipwaje. Mara nyingi zinakatwa juu kwa juu: unasaini 2,000,000, unapokea pungufu, na riba inahesabiwa kwa zile ulizosaini.

Sasa orodha. Chukua kalamu ukate kila kitu ambacho mteja asingekilipia. Makochi na televisheni vitoke, weka mabenchi mawili ya mbao yenye mito, 120,000. Tailizi zitoke kabisa, kwa sababu fremu si yako na siku ukihama zinabaki kwa mwenye nyumba. Sakafu ya sementi iliyosuguliwa vizuri na kuta zenye rangi ya mafuta hadi kifuani zinasafishika, na 120,000 inatosha. Bango la 60,000 linasomeka. Draya anza na moja. Una mikono miwili, na mteja mmoja akiwa chini ya draya wewe unamwosha mwingine. Draya ya pili itanunuliwa siku foleni itakapoidai. Dawa na rasta weka za 200,000, nyingine uchukue kwa mali kauli kwenye duka la vipodozi ulilozoea kununua, ulipe ukishauza. Rasta hazichachi, ila dawa zina tarehe ya mwisho, kwa hiyo mali kauli iwe ya rasta na dawa ununue chache chache. Orodha sasa imeshuka hadi 2,030,000.

Halafu ongeza vitu ulivyovisahau. Cha kwanza ni maji. Dodoma mgao unajulikana, na dawa ya kulainisha nywele ikishatimiza muda wake kichwani haisubiri maji yarudi. Dakika chache za kuzidisha zinatosha kubabua ngozi, na mteja aliyebabuka kichwa hakosi wa kumhadithia. Kichwa kimoja cha dawa kinahitaji lita 15 hadi 20 kikioshwa ipasavyo, pamoja na ile shampuu ya kuua nguvu ya dawa. Kwa hiyo pipa la lita 200 lenye bomba, likiwa juu ya stendi, liwepo kabla ya kioo. Tuliwekee 90,000. Kanuni iwe kwamba pipa likishuka chini ya robo, siku hiyo hakuna kuweka dawa, ni kusuka tu.

Cha pili ni nyaya. Draya ya kofia inavuta wati 900 hadi 1,200, na blodraya inaweza kufika 2,000. Fremu nyingi zimefungwa umeme wa taa na chaji za simu. Fundi akutolee laini ya soketi yenye waya wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka swichi kuu, na blodraya isichomekwe kwenye ekstensheni moja na draya. Plagi ikipata moto au ukisikia harufu ya plastiki, zima kwanza, tafuta sababu baadaye. Kama LUKU ni ya kuchangia na fremu za jirani, weka mita ndogo ya kugawia mwanzoni kabisa. Bila hiyo, kila umeme ukiisha wewe mwenye draya ndiye utakayetazamwa. Kazi hiyo tuipe 80,000.

Cha tatu ni leseni na gharama za serikali, weka 150,000. Cha nne, na hiki ndicho kinachofunga saluni nyingi changa, ni fedha ya kuendeshea miezi miwili ya mwanzo kabla wateja hawajakuzoea: 300,000 isiyoguswa kwa kununua kifaa chochote.

Jumla mpya ni 2,650,000. Zungumza na mwenye fremu akupokelee miezi 3 badala ya 6. Wengi hukataa mara ya kwanza na hukubali wakiona fremu imekaa tupu, kwa hiyo uliza iliyokaa wazi muda mrefu. Akikubali, unabaki na 2,410,000. Ukitoa akiba yako, pengo ni 510,000. Vikoba vingi vinakopesha hadi mara tatu ya hisa, na kama chenu ni hivyo, hisa zako za 200,000 zinakufikisha 600,000. Umelimaliza bila kwenda kwa mtu, na riba utakayolipa inarudi kwenu mkigawana mwisho wa mzunguko.

Ukitaka kuona kwa nini tunasisitiza hivyo, hesabu kwa vichwa. Kichwa cha 8,000 ukiondoa shampuu, mafuta, maji na umeme, tukadirie kimebakiza 5,500. Umeme wenyewe si mwingi kama watu wanavyodhani: draya ya wati 1,000 kwa dakika 45 inakula robo tatu ya yuniti, kama shilingi 270 kwa bei ya kawaida ya biashara ndogo. Kinachokula ni dawa zinazomiminwa bila kipimo. Gharama zako za lazima kwa mwezi, yaani pango 80,000, msaidizi, taka na nauli, tuseme ni 230,000. Hapo unahitaji vichwa 42 ili usidaiwe. Ukibeba rejesho la 236,667 unahitaji vichwa 85. Ukikopa 510,000 kikobani kwa miezi 6, kwa riba ya asilimia 10 ya mara moja, rejesho ni 93,500 na vichwa ni 59. Na kote huko bado hujajilipa wewe. Vichwa 59 ni kama 14 kwa wiki, msusi mwenye miaka minne ya kazi anavifikia. Vichwa 85 mwezi wa kwanza, mtaa mpya, ni kujitafutia kukosa usingizi.

Jambo la mwisho ni mwezi wa kuanzia. Desemba, sikukuu za Idi na misimu ya harusi hujaza viti. Januari ada za shule humaliza hela za kina mama. Rejesho lako lipime kwa Januari. Ukilipima kwa Desemba utajidanganya.

SWALI: *Naomba kujua TRA na leseni vitanigharimu nini. Naogopa kufuata TIN nisije nikakadiriwa kodi kubwa kabla sijauza.*
*Msomaji wa kike, Chang'ombe*

JIBU: TIN yenyewe, yaani namba ya mlipakodi, hailipiwi, unahitaji namba ya NIDA. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kwa makadirio hadaiwi kodi ya mapato kama mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4. Yakizidi, aliyetunza kumbukumbu hutozwa asilimia ya kile kilichozidi, na asiyetunza hupangiwa kiwango, ambacho mara nyingi humuumiza zaidi. Kwa hiyo daftari la mauzo lianze siku ya kwanza: tarehe, huduma, kiasi, taslimu au lipa namba. Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tenga kidogo kila wiki, maana awamu ya Machi inakukuta umetoka kwenye miezi mikavu.

Linalowashtua wengi ni zuio la asilimia 10 kwenye pango, yaani kodi inayokatwa kabla mwenye nyumba hajapokea hela yake. Wewe mpangaji mwenye biashara ndiye unayetakiwa kulikata na kulipeleka TRA. Fremu ya 240,000 kwa miezi 3, mwenye nyumba anapokea 216,000 na 24,000 inakwenda TRA. Ukimpa zote kisha ukadaiwa zuio, umelilipa mfukoni mwako. Liandikeni kwenye mkataba kabla hujatoa hela, na mkataba huohuo ndio utakaotakiwa TRA na kwenye maombi ya leseni. Leseni inaombwa halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI na kulipiwa kwa namba ya malipo ya serikali. Hakuna ada ya leseni inayolipwa mkononi.

SWALI: *Sisi ni wasichana watano, tumemaliza mafunzo ya urembo na ususi, tunaishi Nzuguni. Tunataka mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, tufungue saluni moja ya pamoja. Tumepata fremu nzuri na mwenyewe anatuharakisha tulipe miezi 6. Tufuate hatua gani?*
*Wasomaji watano, Nzuguni*

JIBU: Hongereni. Kabla ya hatua yoyote, msilipie hiyo fremu sasa. Mikopo ya halmashauri hutoka kwa awamu, na kati ya kuwasilisha maombi na fedha kuingia kwenye akaunti zinaweza kupita wiki au miezi. Kikundi kilicholipa pango mapema hukuta fremu imekula miezi yake yote ikiwa imefungwa kufuli. Mwenye fremu ya kweli atakubali barua ya makubaliano au kishika nafasi kidogo. Asipokubali, Nzuguni inajengwa kila siku, fremu nyingine ipo.

Fedha hizi ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hazina riba. Zilisimamishwa mwaka 2023 na kurudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dodoma lilipangwa kwenye kundi la halmashauri 10 za majaribio ambazo mikopo yake hupitia benki. Mlango wa kuingilia ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Nendeni kwake mkiwa wote watano, awaone sura.

Nyinyi mmefikia idadi, maana kikundi cha wanawake au vijana kinatakiwa kuwa na watu wasiopungua watano. Ila mkiwa watano kamili hamna akiba: mmoja akiolewa Singida au akipata ajira, kikundi kimepungukiwa. Tunashauri mumtafute wa sita au wa saba mwenye ujuzi, msijaze jina la shangazi asiyejua hata saluni ilipo. Wakaguzi huwahoji wanachama mmoja mmoja, na shangazi huyo ndiye atakayewakwamisha.

Andaeni katiba, muhtasari wa kikao ulioidhinisha kuomba mkopo wenye saini za wote, usajili wa kikundi, akaunti ya benki ya kikundi, barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho na andiko la mradi. Andiko ndilo linalowaangusha wengi kwa sababu hulinunua stesheneri, limeandikwa kwa ajili ya ufugaji wa kuku kisha jina likabadilishwa. Liandikeni wenyewe, kurasa nne au tano: saluni iko wapi na jirani na nini, bei ya kila huduma, nani anasuka, nani anabandika kucha, vyeti vyenu, profoma (karatasi za bei) za maduka mawili kwa kila kifaa, na rejesho litatoka wapi mwezi ambao wateja ni wachache.

Hilo la mwisho tuwape mfano. Mkipewa milioni 6 za kurejesha kwa miezi 24 bila riba, rejesho ni 250,000 kwa mwezi. Kwa watu watano ni 50,000 kila mmoja. Pango, umeme, maji na taka tuseme 150,000, ambayo ni 30,000 kila mmoja. Kila msusi basi anadaiwa 80,000 kwa mwezi, au 20,000 kila Jumamosi jioni, kama kodi ya kiti chake. Kinachozidi hapo ni chake, atakachonunulia dawa zake na kujilipa.

Mfumo huu wa kodi ya kiti tunaupenda kuliko ule wa kuweka mapato yote kwenye kopo moja na kugawana mwisho wa mwezi. Kwenye kopo, anayesuka rasta saa sita na anayepaka rangi kucha kwa nusu saa wanagawana sawa, na mwezi wa tatu maneno yanaanza. Kwenye kodi ya kiti kila mtu anaona kazi yake. Mtunza hazina anapokea Jumamosi, Jumatatu asubuhi anaweka benki, na risiti inapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la simu siku hiyohiyo.

Kwenye katiba andikeni vifungu vitatu vya ziada. Kwanza, draya, sinki na vioo ni mali ya kikundi, vimepewa namba, havihamishwi. Pili, anayeondoka anatoa taarifa ya mwezi mmoja na kumleta mrithi anayekubalika na wenzake, na kodi ya kiti inamhusu yeye mpaka mrithi akae. Tatu, anayekosa Jumamosi mbili mfululizo kiti kinakodishwa kwa msusi wa nje. Ni makali, lakini mkikwama kurejesha, jina chafu ni la kikundi kizima.

SWALI: *Nina nyumba hapa Kongwa, tulijenga na mume wangu. Mkopeshaji mmoja yuko tayari kunipa milioni 3 za saluni nikimwachia mkataba wa kununulia kiwanja, na amesema mume asihusishwe kwa kuwa yuko safarini. Pia anataka kadi yangu ya benki. Naombeni ushauri.*
*Mama, Kongwa*

JIBU: Mama, mkatalie, na umkatalie leo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inalinda hilo, na Sheria ya Ardhi inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Mkopeshaji anayekwambia umfiche mumeo anajua fika anachokifanya. Kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mtu yeyote kwa sababu yoyote, maana siku hiyo mwenye akaunti si wewe tena.

Na zaidi ya sheria, nyumba kwa milioni 3 za saluni ni dhamana kubwa mno kwa deni dogo. Kwa saluni ya Kongwa mjini, ambako siku ya mnada ndiyo inayoleta watu, tungekushauri uanze na kiti cha kukodi kwenye saluni iliyopo au chumba cha mbele cha hiyo nyumba yako. Chumba kikiwa chako, umefuta mzigo mkubwa kuliko wote, pango, na pengo linaweza kuwa milioni moja tu. Jiunge na SACCOS iliyo na leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa dhamana ya akiba yenyewe na wadhamini wanachama. Utasubiri miezi kadhaa ukiweka akiba. Miezi hiyo itumie kusuka kwa kukodi kiti, ujue wateja wa Kongwa wanataka nini na wanalipa ngapi.

SWALI: *Programu za mikopo kwenye simu zinatoa hela dakika tano. Zinafaa kununulia dawa za saluni?*
*Msomaji, Majengo*

JIBU: Hazifai. Mikopo hiyo mingi ni ya siku 7 hadi 30, na mkebe wa dawa unaweza kukaa wiki sita ndipo uishe. Deni linakomaa mali ikiwa bado rafuni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nyingine zinasoma majina yote kwenye simu yako, ukichelewa siku moja wateja wako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa. Kwa dawa tumia mali kauli, au nunua kwa kipimo cha wiki.

Na dawa zenyewe angalia. Krimu za kung'arisha ngozi zenye haidrokwinoni au zebaki zimepigwa marufuku, TBS wakizikuta zinaondoka bila fidia, na mtaji wako unaondoka nazo.

SWALI: *Nasoma UDOM, mwaka wa pili. Najua kubandika kucha na kope, nimebakiza laki 2 kwenye bumu. Nataka nianze bila fremu, wateja ni wanafunzi wenzangu. Inatosha?*
*Mwanafunzi, Ng'ong'ona*

JIBU: Inatosha kwa moja, si kwa vyote viwili. Anza na kucha. Unahitaji taa ya kukaushia jeli ya wati 36 hadi 48, jeli ya chini na ya juu za kampuni moja, rangi sita tu zinazotoka sana, tupa za namba 100 na 180, kisukuma ngozi, spiriti ya kufutia, pamba na kitaulo. Mambo yanayofanya kucha zibanduke siku ya tatu ni mawili: kucha haikufutwa mafuta kabla ya jeli, au jeli imepakwa nene mno na taa haikuikausha hadi chini. Jeli isiyokauka vizuri ikigusa ngozi mara kwa mara pia huleta mzio, kwako na kwa mteja. Paka nyembamba mara mbili, na ile iliyomwagikia pembeni ifute kabla ya kuingiza mkono kwenye taa.

Usitumie zaidi ya 150,000 kwa kuanzia. Hiyo 50,000 inayobaki ni ya kurudishia vilivyoisha, na kila ukifanya kucha irudishie gharama ya vifaa kabla hujala faida. Ada ya chuo isiingie humu hata kwa siku mbili. Na kwa kuwa vyuo vikifungwa wateja wote wanaondoka, hesabu miezi ya masomo tu, na usikope chochote cha kurejesha kipindi cha likizo.

Kope ziongeze muhula unaofuata, kwa faida ya kucha. Gundi ya kope hukaushwa na unyevu wa hewa, na hewa ya Dodoma kuanzia Juni hadi Septemba ni kavu sana. Gundi iliyofanya kazi vizuri Machi itachelewa kushika Agosti, kope zitaegemeana na mteja atalalamika macho yanawasha. Weka bakuli la maji ya uvuguvugu karibu na unapofanyia kazi, paka gundi kidogo kuliko ulivyozoea, na mpe kila unyoya muda wa kushika kabla ya kwenda wa pili. Chupa iliyofunguliwa isizidi mwezi mmoja au miwili. Mteja mpya mjaribu kwanza kwa kope mbili tatu pembeni ya jicho, umsubiri saa 24. Akivimba, mrudishie hela yake na umpeleke zahanati ya chuo.